Maji ya Kulwa na Maji ya Doto

Nyumbani kwa Marcelina, pale Puge, kila kitu kilifanywa mara mbili. Alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Akinyonya Kulwa, na Doto atanyonya. Akivalishwa ushanga Kulwa, na Doto atavalishwa. Siku moja nzi alitua puani pa Kulwa. Bibi yao, Minza, alimfukuza. Kisha akampungia mkono na Doto, ambaye hakuwa na nzi wala nini.

"Mapacha hufanyiwa sawa," Minza alimwambia Marcelina. "Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, yule aliyenyimwa ataugua. Ndivyo wazee walivyotuambia."

Minza alikuwa mama mkwe wa Marcelina. Marcelina na mumewe Anselm walikuwa Wakristo. Minza hakuwa amebatizwa. Anselm alifanya kazi ya reli huko Tura, kwa hiyo wanawake hawa wawili walilea watoto pamoja.

Miaka ile ya Mwingereza, padri alifika Puge mara chache. Sasa habari zilikuja kwamba Jumapili angekuja kubatiza watoto. Kigango kizima, yaani Wakristo wote wa pale, kilifurahi. Marcelina peke yake alichanganyikiwa.

Sababu ilikuwa hii. Siku mapacha walipozaliwa, Kulwa alilia vizuri. Doto hakulia. Mwili wake ulikuwa umelegea, na pumzi ilikuja kidogo kidogo.

"Mama, anakufa!" Marcelina alilia. "Anakufa bila ubatizo!"

Minza alichota maji mtungini. Akammwagia mtoto kichwani na kusema maneno ya ubatizo. Baadaye Doto alipata nguvu. Kulwa hakumwagiwa maji, maana yeye alikuwa mzima. Tangu siku hiyo wanawake hao hawakumwambia mtu, hata Anselm.

"Je, Doto amebatizwa au hajabatizwa?" Marcelina alijiuliza akitwanga mtama. Alifundishwa kwamba ubatizo ni mara moja tu. Lakini aliyembatiza Doto si padri. Wala si Mkristo! Na Jumapili, Kulwa akimwagiwa maji na Doto akaachwa, je, Doto hataugua? Alitwanga kwa nguvu mpaka mtama ukaruka nje ya kinu.

"Tunyamaze," alisema Minza. "Wamwagiwe maji wote wawili Jumapili, yaishe."

Jumamosi alikuja Raymundi, katekista wa kigango. Watu walimwita Mwalimu.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alijibu Minza.

Raymundi aliuliza majina ya watoto na ya wasimamizi wao. Kisha akauliza, "Kuna mtoto aliyebatizwa nyumbani kwa sababu ya hatari ya kufa?"

Minza aliinamia ungo wake. Alianza kuchambua choroko ambazo zilikwisha kuchambuliwa.

"Hakuna, Mwalimu," alisema Marcelina.

Raymundi aliaga. Marcelina alimtazama akisukuma baiskeli yake mchangani. Moyo ulimuuma. Leo amemdanganya Mwalimu, na kesho atamdanganya padri, tena mbele ya altare. Aliwaacha watoto kwa bibi yao, akakimbia.

"Mwalimu! Ngoja, Mwalimu! Nimesema uongo!"

Alimweleza yote palepale njiani. Raymundi aligeuza baiskeli, wakarudi nyumbani. Akaketi karibu na Minza.

"Usiogope, mama. Ulimmwagia nini?"

"Maji. Maji yetu ya kunywa."

"Yalimtiririka kichwani?"

"Mpaka shingoni. Maskini, alikuwa mdogo kama kifaranga."

"Ulisema nini ulipokuwa unamwaga?"

"Nilisema, 'Doto, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.' Si ndivyo unavyowafundisha? Mimi humsubiri Marcelina pale mlangoni pa kanisa. Nasikia yote."

"Na ulitaka nini, mama?"

Minza alikasirika kidogo. "Nitake nini tena? Nilitaka mjukuu wangu apewe kile wanachopewa Wakristo!"

"Basi Doto amebatizwa," alisema Raymundi.

"Na mimi nisiyebatizwa naweza kubatiza?"

"Hata wewe. Kwa kawaida padri ndiye anayebatiza. Lakini mtoto akiwa katika hatari ya kufa, na padri yuko mbali, mtu yeyote anaweza. Amwage maji ya kweli kichwani. Aseme maneno hayo hayo wakati anamwaga. Atake kufanya lile linalofanywa na Kanisa. Mkono ni wa mtu, lakini anayebatiza ni Mungu. Kisha katekista aambiwe upesi. Hamkukosea kubatiza. Mlikosea kuficha."

"Kwa hiyo kesho Doto hatamwagiwa maji?" aliuliza Marcelina.

"Hapana. Ubatizo hutia alama rohoni, na alama hiyo haifutiki. Haurudiwi."

Marcelina alishika kichwa. "Kulwa apewe, Doto aachwe? Ataugua, Mwalimu!"

"Ugonjwa hauji hivyo," alisema Raymundi. "Mtoto akiugua, mpelekeni kwa masista wamtibu." Lakini naye alizaliwa Unyamwezi, na mila ya mapacha aliijua. Aliona kwamba hofu haijaondoka. Akakuna kidevu. "Yapo mambo ambayo Doto hakuyapata siku ile. Chumvi, mafuta matakatifu, kitambaa cheupe, mshumaa. Padri atawapa wote wawili. Ila maji..."

"Ngoja," alisema Minza. Alimtazama Kulwa, akamtazama Doto. "Doto amepata maji mara moja?"

"Ndiyo."

"Na Kulwa hajapata?"

"Bado."

"Ala! Basi aliyenyimwa ni Kulwa! Na tungemmwagia Doto tena, angepata mara mbili na mwenzake mara moja. Tulitaka kuwafanya sawa, kumbe tungeharibu!"

Marcelina alicheka huku machozi yakimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, alielewa kwamba Doto hakunyimwa kitu.

Jumapili padri alimuuliza Minza maswali yale yale, naye akajibu bila kuinama. Watoto wote wawili walitiwa chumvi ulimini na kupakwa mafuta. Maji alimwagiwa Kulwa tu. Alipiga kelele mpaka kanisa zima likageuka. Doto alilala mikononi mwa baba yake, Anselm, aliyefika kwa treni na kuambiwa kila kitu. Kisha wote wawili walifunikwa vitambaa vyeupe.

Siku zilipita. Doto hakuugua. Alinenepa hata akamzidi Kulwa.

Jioni moja Raymundi alikuwa kanisani akifundisha wanaojiandaa kwa ubatizo. Minza alikuja. Safari hii hakukaa mlangoni. Aliingia ndani, akaketi mbele kabisa.

"Karibu, mama," alisema Raymundi. "Unamsubiri Marcelina?"

"Simsubiri mtu," alijibu Minza. "Kulwa mara moja. Doto mara moja. Anselm na mkewe mara moja. Mwalimu, nyumbani kwetu aliyenyimwa nimebaki mimi."