Marando ya Kisimani

Kila jioni akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala kiporo, kisha akabeba ndoo kwenda kumwagilia kitalu cha bibi yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kitalu kilikuwa ng'ambo ya kilima, kimefunikwa chandarua kuzuia wadudu. Humo bibi alitunza marando safi ya viazi vitamu, yale mashina ya kupandia, mwaka wa tatu sasa.

Siku ya kupanda, bibi alimtuma akakate marando kitaluni. Jua kali, na kilima kile, jamani! Chiriku akaishia shamba la zamani, karibu na kisima. Majani ya huko yalikuwa na madoa kidogo tu. "Viazi ni viazi," akajiambia.

"Umekata kitaluni?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

Baada ya miezi miwili shamba lilitia huruma. Mimea ilidumaa, majani yakajikunja. Bibi alimwita bwana shamba, lakini hakuweza kumngoja. Alichukua jembe, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe mbegu yangu ndiyo mbovu! Nakwenda kung'oa kitalu chote, nikichome."

Miaka mitatu ya jasho! Chiriku akamkimbilia bibi, akaushika mpini.

"Usikichome, bibi! Nilikudanganya. Nilikata kule kisimani."

Bibi aliliweka jembe chini. Bwana shamba alipofika, aliyageuza majani na kutikisa kichwa.

"Marando ya kisimani yalikuja na virusi vya aina moja. Vikiwa peke yavyo, mmea huvivumilia. Hapa nzi weupe wakaleta vya aina ya pili. Aina hizo mbili zikikutana zinasaidiana, na mmea hauna ujanja. Ng'oeni shamba hili lote. Kitalu hakina neno."

Waling'oa siku mbili. Kisha Chiriku akapanda kilima mara nane, mzigo wa marando safi kichwani, bila kulalamika.

"Bibi, bado umenikasirikia?"

"Mjukuu wangu, uvivu ungekuja peke yake, ningekugombeza, tukapanda upya siku ileile. Ulipouongezea uongo, vikasaidiana, vikala shamba zima."

Chiriku akainama. Bibi akamtua mzigo, akamfuta jasho.

"Lakini kitalu kimeokolewa na mdomo wako. Siku nyingine, mama, uufungue mapema."