Kipimo cha Ua

Kila asubuhi milango sita ilifunguka kwenye ua mmoja. Ndoo zilipangwa bombani, nguo zikaanikwa kambani, na habari za mlango wa kwanza zilifika wa sita kabla chai haijachemka. Hapo ndipo Kijino alipojifunza kutembea, akishika mkono wowote uliokuwa karibu.

Siku moja alikuja mchora ramani, mama mrefu mwenye viatu vya vumbi. Nyumba ile kuukuu ingebomolewa, ijengwe ghorofa, na kila familia ipate vyumba viwili badala ya kimoja.

"Mjukuu wangu, mshikie mgeni futi kamba apime," Bibi alimwambia Kijino.

Kijino akaivuta hadi nyuma ya tangi la maji. Alitakiwa aigusishe ukutani. Akasimama hatua mbili kabla. Kiwanja kikionekana chembamba, aliwaza, watatuachia ua wetu.

"Umefika ukutani?" mchora ramani aliita.

"Nimefika!"

Wiki iliyofuata mchora ramani alirudi, uso umemshuka. "Kiwanja hakitoshi. Zitaingia nyumba nne tu. Familia mbili zilizohamia mwisho zitafute kwingine."

Hao walikuwa fundi cherehani na Mama Pacha, aliyelala na watoto watano chumba kimoja.

"Nami nilishaanza kuota kitanda changu!" alisema Mama Pacha. "Kwetu mmoja akigeuka, wote tunageuka." Alicheka, lakini mikono yake ilikwisha kuanza kufunga sufuria.

Pacha mmoja akamvuta Kijino kanga. "Utakuja kututembelea?"

Kijino akamwendea mchora ramani. "Shangazi, pima tena. Sikufika ukutani. Nilidanganya."

Fundi cherehani akaguna, "Loo! Jino dogo, uongo wa gego!"

"Kwa nini ulifanya hivyo?" mchora ramani aliuliza.

"Mkijenga, tutajifungia ndani kila mtu peke yake. Hatutakuwa na ua."

"Mbona hukusema? Mimi niliona mahali pa kuwekea ndoo tu."

Wakapima upya, safari hii Bibi mwenyewe akikagua ukuta. Nyumba zote sita ziliingia. Mchora ramani akazipanga ghorofa kwa ghorofa, zikizunguka uwazi mdogo, milango yote ikitazamana.

Siku ya kubomoa, Kijino alilia. Bibi naye alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Bibi, nitaukumbuka ua wetu."

"Hata mimi. Nimezeeka humo. Kukumbuka si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni ule uongo. Ukipenda kitu, kisemee mbele za watu, wakusikie. Ukikilinda kwa uongo, anayelala nje ni jirani yako. Sasa futa kamasi, ukamsaidie Mama Pacha kufungua sufuria zake huko tunakokaa hadi ghorofa iishe."