Kishtuamoyo cha Mzee Mghenyi

Nyungunyungu ilikuwa imeshaingia sentimita ishirini ndani ya mshipa, na Mzee Mghenyi alikuwa macho, akiitazama kwenye skrini ya ukutani. Ilikuwa roboti nyembamba kama kamba ya kiatu. Ilijongea kwa kujikunja na kujinyoosha, ikiubandua waya wa zamani wa kishtuamoyo kutoka kwenye kovu lililoukumbatia kwa miaka tisa. Kabla haijabuniwa, nyaya hizo zilivutwa kwa nguvu, na wapo waliochanika mishipa wakafia mezani.

"Inauma?" aliuliza Dakta Sekela.

"Inatekenya tu, daktari."

Waya ulitoka, kisha kishtuamoyo chenyewe: kidude cha ukubwa wa kiberiti kilichokaa chini ya ngozi ya kifua, ili moyo ukianza mbio za kifo kiupige shoti ya umeme na kuutuliza. Kilikuwa kimezingirwa na usaha. Vijidudu vilipenya siku alipobadilishiwa betri, na dawa peke yake hazikuviweza. Ilibidi chuma chote kitoke.

Alivalishwa fulana ya umeme, iwezayo kuushtua moyo kutoka nje, imlinde kwa muda. Kishtuamoyo kipya kilikuwa tayari, cha kuwekwa upande wa kulia homa ikiisha. Kilisubiri tu kidole gumba cha Sekela kwenye kibali.

Kabla ya kukiweka, Sekela alimtaka Msomaji, akili ya mashine ya hospitali, asome upya kumbukumbu za kile cha zamani. Jibu lilikuja kwa sauti ileile tulivu ya kila siku.

"Moyo huu haujawahi kwenda mbio za kifo. Ugonjwa wa awali ulikuwa uvimbe wa muda wa misuli ya moyo, ukapona. Shoti moja ilitolewa, mwaka wa tatu. Chanzo ni ufa kwenye waya, uliokidanganya kifaa."

Sekela aliketi. Shoti hiyo aliikumbuka. Mghenyi alianguka akicheza kwenye harusi ya bintiye, na yeye Sekela ndiye aliyemwambia kwamba kifaa kimemwokoa. Ndiye pia aliyemwandikia, miaka tisa nyuma, asipande tena minara ya umeme wa upepo ya Singida, aliyokuwa fundi wake hodari.

Aliwaeleza yote, mzee na mkewe Elinami, bila kupunguza neno.

"Kwa hiyo siku ile," Mghenyi alisema taratibu, "kilichoniangusha ni chenyewe?"

"Ndiyo, mzee. Nisamehe."

Elinami alijifunika uso kwa khanga. "Miaka sita halali kitanda kimoja na mimi, daktari. Anaogopa kitanipiga na mimi. Wajukuu hajawabeba."

"Niwekee kipya," alisema Mghenyi.

"Hukihitaji. Na kinaweza kuota usaha tena."

"Mlisema nakihitaji, nikaamini. Leo mnasema sikihitaji. Nishike lipi?"

 Sekela hakuwa na haki ya kudai aaminiwe, lakini kidole chake hakukiweka kwenye kibali. Walikubaliana mzee aendelee kuvaa fulana siku arobaini, Msomaji akisikiliza kila pigo.

Siku ya arobaini walirudi. Fulana haikuwa imenasa hitilafu yoyote.

"Hajaivua hata mara moja," Elinami alinong'ona. "Hata kuoga. Namfuta kwa kitambaa, kipande kwa kipande."

Sekela alifungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mghenyi alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Fulana ilipoanguka sakafuni alifumba macho na kuacha kupumua, kama mtu anayesubiri kupigwa.

Hakuna kilichompiga.

"Moyo unapiga?" aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Unapiga, mzee."

"Wenyewe?"

"Wenyewe. Siku zote."

Ndipo Mghenyi alipoanza kulia, na Sekela, aliyekuwa amebeba maneno ya kumfariji tangu asubuhi, aliinama akaiokota fulana.