Matone Ndani ya Soksi

Kabla ya kwenda shule, Pikipiki alifagia chumba cha mbele kama kawaida, huku akipiga miayo. Mama yake alikuwa mshona magodoro, na pamba ilitapakaa kila mahali, sakafuni, kwenye pazia, mpaka ndani ya chai. Jina la Pikipiki alipewa na wenzake darasani. Mchana kutwa msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikwaruza koo, khem, khem, mithili ya pikipiki inayokataa kuwaka. Alicheka pamoja nao, lakini moyoni aliumia.

Kila alipolala, makamasi yalimshuka kooni akakohoa. Mama, aliyelala naye chumba kimoja, aliamka pia. Hata usingizi wa kuazima hawakuupata. Wiki hiyo Mama alishona ubavu wa godoro vibaya mara mbili, akafumua mara mbili. Jirani yao fundi viatu, mtu asiyeishiwa ushauri hata asipoombwa, alisema mchawi ni pamba.

Pikipiki alijua jambo ambalo fundi hakulijua. Kaka yake alipougua mafua, alinunuliwa dawa ya matone ya puani, na muuza dawa alionya yasitumike zaidi ya siku tatu. Kaka alipona, chupa ikabaki, na Pikipiki, ambaye pua yake nayo ilikuwa imeziba, akaificha ndani ya soksi. Akitia matone, pua ilifunguka papo hapo. Baada ya saa chache iliziba kuliko mwanzo, naye akatia tena. Sasa ilikuwa wiki ya tatu.

Mwishowe Mama alimpeleka zahanati. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimchungulia pua na koo, kisha akauliza kama anatumia dawa yoyote. Pikipiki alisema hatumii. Daktari akauliza habari za nyumbani, na Mama akaeleza kuhusu pamba.

"Basi kazi hii naiacha, Daktari," Mama alisema kwa sauti ya uchovu. "Kesho nawarudishia watu pamba yao. Mtoto kwanza."

Pikipiki alivitazama vidole vya mama yake, vilivyoota sugu kwa sindano. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha tangu baba alipofariki. Aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Usiiache, Mama," alisema. "Nimedanganya. Natia matone ya kaka kila siku, wiki ya tatu sasa."

Daktari hakumkaripia. Alieleza kwamba matone yale yakizidishwa, pua huyazoea. Yakiisha nguvu, pua huvimba tena, na makamasi hushuka kooni. Vumbi la pamba nalo lilichangia, lakini dawa yake haikuwa kuacha kazi. Pamba isiingie chumba cha kulala, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Matone yaachwe. Pua isafishwe kwa maji yenye chumvi kidogo, yaliyochemshwa yakapoa. Anywe maji ya kutosha na kuinua kichwa alalapo. Akipata homa, au wiki mbili zikipita bila nafuu, arudi.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Pua iliziba kama ukuta, na Pikipiki aliitamani ile chupa, ingawa Mama alikwisha kuitupa. Alisafisha pua, akavumilia. Taratibu koo likatulia.

Asubuhi ya siku ya kumi walichelewa kuamka wote wawili, kwa sababu hakuna aliyekohoa. Mama aliketi kitandani akicheka, uso wake umepumzika.

"Mwanangu," alisema, "ugonjwa wako haukuwa mkubwa. Uongo ndio uliokaribia kuninyang'anya kazi. Sema kweli mapema, hata ikikuaibisha. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa, wala mama."