Wasio na Punje

Saa nne na dakika tano asubuhi, Fagio lilikuwa likila takataka za bahari mashariki ya Mafia, taratibu kama ng'ombe malishoni. Lilikuwa mashine yenye upana wa kilomita mbili, isiyo na mtu hata mmoja ndani yake. Akili unde iliyoliendesha iliweza kutenga chupa na jani la mwani kabla hujapepesa jicho. Katika chumba cha uangalizi cha Kituo cha Mkondo, mjini Kilindoni, vinuru elfu mbili na mia tatu vilielea kwenye kioo cha ukutani. Kila kinuru kilikuwa kitoto cha kasa.

Mhandisi Salha Mshangama alikitazama kioo kile kila asubuhi kama mama anayehesabu wanawe kabla hawajaenda shule. Zamani kasa mchanga akishaingia majini alipotea kwa miaka, na wataalamu walibaki kukisia alikokwenda. Salha ndiye aliyebuni punje, kinasa-njia kidogo kama choroko, kinachobandikwa gambani na kutuma mahali alipo mnyama pamoja na mapigo ya moyo wake. Fagio likisikia punje mbele yake, husimama mpaka kasa apite.

Wajanja hawakosekani. Mwaka wa kwanza wavuvi waliiba punje, wakazitia chupani na kuziacha zielee mbele ya nyavu zao ili Fagio lisizikaribie. Salha akaongeza sharti: punje isitoe sauti kwa Fagio mpaka ihisi moyo unaopiga, tena usiozidi mapigo sitini kwa dakika. Moyo wa kasa hauna papara. Tangu hapo Fagio lilifanya misafara arobaini na moja, na kila ripoti ilimalizika kwa maneno yaleyale: Kasa waliodhurika, hakuna. Salha alitia saini zote.

Redio ikakoroma.

"Shemeji."

"Sema, baba wa kasa. Umeshakunywa chai, au unaniita kwa njaa?"

"Leo sina utani."

Kombo Makame alikuwa mume wa dada yake, Rukia, na mlezi mkuu wa vitoto vya kasa kituoni. Asubuhi ile alikuwa ametoka na mashua kutafuta kasa mmoja ambaye kinuru chake kilizimika. Mtu huyu hakuwahi kukataa utani tangu siku ya mahari, na Salha akaweka kikombe chini.

"Niko kwenye mstari wa taka," Kombo alisema. "Hapa pamejaa watoto. Kila nikifunua mwani, wapo. Wadogo, hawajazi hata kiganja. Hakuna hata mmoja mwenye punje."

Salha alitazama kioo. Mahali alipokuwa Kombo palikuwa peusi, hapana kinuru hata kimoja. Fagio lilikuwa kilomita tatu kutoka hapo, likija.

"Haiwezekani. Kasa wetu wote wako kusini."

"Wetu, naam. Hawa si wetu, shemeji. Hawa hawakutoka arobaini."

Salha aliikumbuka arobaini hiyo. Kazi ilipoanza, Kombo na akina mama wa malezi walikataa katakata kumbandika punje kasa wa siku moja. Mtoto mchanga hatolewi nje kabla ya arobaini, walisema, sembuse kubebeshwa mzigo na kutupwa baharini. Wakawaweka kwenye mabeseni siku arobaini kamili, wakiwalisha dagaa wa kusaga, na siku ya kuwatoa wakapika uji na kuwaombea dua. Salha alicheka, akaipenda desturi hiyo, akaandika kwenye taarifa: kipindi cha malezi. Hakuna aliyeuliza siku arobaini za dagaa zinamfanya nini kasa.

Sasa jibu lilikuwa mbele yake. Kasa aliyeshiba siku arobaini ana mikono ya kuogelea, naye huenda atakako. Aliyeanguliwa jana hana nguvu hizo. Huchukuliwa na mkondo, na mkondo humpeleka palepale unapopeleka taka.

"Miaka mitatu tunawafuata walioshiba," alisema kwa sauti ndogo. Aliona aibu kwanza, kisha hofu.

Alituma amri ya kulisimamisha Fagio. Jibu lilikuja kwa adabu zote: amri ya namna hiyo inahitaji saini za wakuu watatu, muda wa kusubiri ni dakika hamsini. Fagio lingefika kwa Kombo baada ya dakika kumi na nne.

"Nikiziba njia kwa mashua?" Kombo aliuliza.

"Litaisikia sauti ya chombo, litakikwepa, litaendelea kuzoa."

"Nina punje tatu kwenye kopo."

"Hazisemi bila moyo, unajua."

"Mie moyo ninao."

"Shemeji, usiingie majini! Kombo!"

"Linasimama kwa kasa au halisimami?"

Salha alimfikiria Rukia. Kwenye kamera ya mashua alimwona Kombo akivaa miwani ya kuzamia, ile ya mdogo wake, Faki. Faki alikuwa mzamiaji wa pweza katika maji hayohayo. Mwaka jana mashua yake ilikutwa tupu na miwani ikielea kando, na uchunguzi ukasema amechukuliwa na mkondo. Walimsomea hitima bila maiti.

Kombo alibandika punje kifuani, akachomeka kisikio, akajitosa. Aliogelea mita mia mbili kutoka kwenye mashua, mbele ya mdomo wa Fagio.

Mapigo mia na ishirini na moja. Salha aliyaona kiooni, ila kwa Fagio punje ilikuwa kimya.

"Tulia," Salha alisema.

"Tulia wewe! Naliona. Limeziba upeo mzima."

Mita elfu moja na mia nane. Mapigo mia na kumi na sita. Salha aliubana ukingo wa meza, akalazimisha sauti yake iwe ya barazani.

"Dada anasema tangu umwoe hujafua shuka hata moja."

"Mwongo huyo. Mwaka wa kwanza nilifua."

"Moja. Tena ukaliunguza kwa pasi."

Kicheko kifupi. Mapigo tisini na nane.

"Tia uso majini, Kombo. Zuia pumzi kama unayemvizia pweza. Toa kichwa, vuta hewa, rudi tena. Mimi nitasema, wewe sikiliza tu."

Alimsimulia jinsi Rukia alivyomkataa mara mbili, na jinsi mama yao alivyomsifu Kombo kwa kula tu. Mapigo themanini. Mita mia saba. Sabini na moja. Mita mia tatu, na kupitia kisikio sasa Salha alisikia mngurumo wa mashine ukizidi kupumua kwa Kombo.

"Mara ya tatu alikubali," alisema, "kwa sababu alikuona ukimrudisha kasa majini kwa mikono miwili, kama unabeba yai."

Fagio likasema: "Kasa mchanga mmoja. Mapigo hamsini na nane. Nimesimama."

Mita mia moja na kumi.

Ilibidi akae hivyo mpaka saini zikamilike, na kila moyo ulipopanda Salha alitafuta kisa kingine. Saa tano kasoro dakika mbili amri ilifika, na taa za Fagio zikazimika zote. Salha alilia waziwazi, bila kujali nani anamwona.

Kombo alipanda mashuani akihema. "Shemeji," alisema, na utani ulikuwa umemrudia, "hebu niambie, mashine yako imeniandika nani?"

Salha alifungua daftari la Fagio. Ilikuwepo: kasa mchanga, afya njema. Juu yake palikuwa na mstari mwingine wa dakika chache nyuma, kabla punje haijapata sauti.

Kitu kinachoelea, bila punje, bila sauti ya chombo. Aina: taka. Makisio ya uzito: kilo themanini na moja.

Aliusoma mara mbili. Kisha vidole vyake vikatafuta tarehe ambayo nyumba nzima iliijua, kumi na moja Machi mwaka jana. Msafara wa ishirini na saba, saa tatu asubuhi. Kitu kinachoelea, bila punje, bila sauti ya chombo. Taka. Imezolewa. Kilo sitini na nne.

Chini kabisa: Kasa waliodhurika, hakuna. Kisha saini yake.

"Mbona umenyamaza?" Kombo aliuliza.

"Rudi nyumbani," Salha alisema. "Nenda moja kwa moja kwa dada. Nami nakuja."

Kwao habari za namna ile hazitolewi hewani, mtu huitwa nyumbani kwanza, akakaa, akapewa maji.

"Ni Faki," Kombo alisema.

Salha alizima kioo cha vinuru, akachukua mtandio wake na nakala ya ukurasa ule, akatoka.