Picha ya Bi Time Kwenye Meza ya Wafu
Maji ya bilauri yalikuwa yamepungua. Si bilauri zote, moja tu: ile iliyokaa mbele ya picha ya Bi Time. Ummu, mfanya usafi wa ukumbi wa chama kimoja cha udugu huko Alexandria, aliishika akaona alama ya midomo. Na ukumbi ulikuwa umefungwa tangu jana, jamani!

Wanachama walikuwa wamepanga meza kwa mila ya kwao Meksiko: mishumaa, mikate, bilauri za maji, maua ya manjano na picha za wapendwa wao. Jana hiyo, Ummu aliponusa ubani hakuuliza mtu. Kwao Tanga ubani hufukizwa watu wakiomba dua, basi naye akajua hii ni dua. Mama yake, Bi Time, alikuwa hoi kitandani kulekule Tanga, na yeye hana makaratasi ya kwenda kumuuguza na kurudi. Akaiweka picha ya mama katikati, akamwombea afya. Maskini Ummu, ubani una adabu zake!

"Huyu mama alifariki lini?" Ramiro, mzee wa chama, alikuwa ameingia akaiona picha, akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Alifariki? Astaghfirullah! Mama yangu yu hai."

Ramiro akarudi nyuma. "Meza hii ni ya wafu, dada. Bibi yangu alikuwa akisema, ukimwita hapa aliye hai, haji yeye. Huja mwingine kwa jina lake. Usiiguse picha, kwanza tumuage huyo..."

Wapi! Ummu keshaikwapua. Akaisokomeza kifuani, na hapo hapo ubani ukageuka harufu ya nywele zinazoungua, mishumaa ikamwinamia yote ingawa madirisha yamefungwa, na kitu cha baridi kikampumulia shingoni, kikateremka polepole mpaka pale ilipolala picha, kikatulia hapo kana kwamba kimeonyeshwa njia, kisha kikaondoka.

Simu ikalia. Ni dada yake, Sundus, kutoka Tanga.

"Mama kaamka," alinong'ona. "Kasimama, anatembea."

"Alhamdulillahi! Sasa mbona unanong'ona?"

"Naogopa, Ummu. Tulikuwa tunamsomea Yasini, akacheka. Yuko nyuma yangu. Anaitaka simu."

Ummu akamwambia ampe. Siku zote hizi alikuwa akimlilia Mungu aisikie tena sauti ya mama yake.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikuja. Bi Time hakuwahi hata mara moja kuacha kuipokea salamu ya mwanawe.

"Mama yako nani?" ikamuuliza sauti ya Bi Time.