Bibi Amekunywa Maji

Ukumbi wa dharura ulifurika watu. Mwalimu wa udereva, dada mwenye ovaroli ya jinzi na kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, alisukuma kiti cha magurudumu mbiombio, Bibi yake akiwa juu, hadi akamgonga mtu gotini.

"Pole, kaka! Lakini nawe umesimama katikati ya barabara!"

"Barabara gani, dada? Hapa hospitali." Kijana wa koti jeupe, daktari wa zamu, alicheka, kisha akamwona Bibi, kicheko kikakatika. Kope moja imelegea, sauti imekwaruza, kwikwi haziishi.

"Ameamka na kizunguzungu, kila kitu anaona ni viwili. Majirani wanasema ni presha tu."

Picha ya kwanza ya kichwa haikuonesha kitu. Daktari hakuridhika, akaagiza kipimo kikubwa zaidi. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza: mshipa ulikuwa umeziba kwenye shina la ubongo.

"Ni kiharusi," alisema kwa upole. "Dawa tumeanza. Ila koo limepooza. Hata tone la maji asipewe, litamwingia mapafuni."

Bibi akalishwa kwa mrija wa puani. Daktari, kila akitoka zamu, alikaa na mjukuu kwenye benchi la varanda. Benchi likazaa simu, simu zikazaa masomo ya udereva, masomo yakazaa mapenzi.

"Umekula, mpenzi?" Daktari angeuliza kwenye simu.

"Nimekula. Na wewe lini utajua kurudi nyuma bila kugonga ukuta?"

"Nikipata mwalimu asiyenichanganya kwa macho yake."

Halafu mambo yakaenda mrama. Siku moja Bibi alilia kiu kwa ishara. Mjukuu uzalendo ukamshinda, akamtilia maji kijiko kimoja. Bibi akapaliwa hadi midomo ikabadilika rangi. Wauguzi walipomtuliza, Daktari akageuka, akafoka mbele ya wodi nzima: "Unataka kumuua?"

"Mimi? Nimuue mtu aliyenilea tangu nikiwa mchanga? Usinipigie tena!"

Na kweli, akipigiwa hapokei. Wodini alikuwa akiingia wakati Daktari hayuko tu, akawaacha wauguzi na Bibi waendelee na mazoezi ya kumeza.

Asubuhi moja, yuko kazini na mwanafunzi kwenye usukani, simu ikaita. Jina: Bibi. Bibi hakuwa ametamka neno la kueleweka tangu alazwe.

"Egesha!" akamwamuru mwanafunzi.

"Mjukuu wangu." Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake. "Nimekunywa maji. Sijapaliwa."

Machozi yalimtoka hapo hapo. "Nani amekubonyezea simu, Bibi?"

"Mchumba wangu huyu. Anasema zake hupokei. Kama humtaka, namchukua mimi."

Alipofika wodini, alimkuta Bibi ameketi kitandani, na Daktari pembeni, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Nilikufokea kwa hofu. Nisamehe."

"Nami nilimpa kwa huruma, nusura nimpoteze."

"Simu zangu hupokei. Posa je, utaipokea?"

Dada alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Posa naipokea. Simu nitafikiria."

Bibi aliangua kicheko, kikageuka kikohozi. Wote wawili wakamrukia kwa hofu.

"Niacheni," akasema. "Nacheka."